Mzee Aliyeomba Dawati

Tarehe 12 Januari 2004, Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret iliandikisha mwanafunzi wa darasa la kwanza mwenye umri wa miaka 84. Jina lake lilikuwa Kimani Ng'ang'a Maruge. Alitembea kwa fimbo, akavaa kaptula na soksi zilizovutwa hadi magotini kama sare ilivyotaka, akakaa na watoto wa miaka sita na saba. Wajukuu zake wawili walikuwa wakisoma shule hiyo hiyo.

Wengi wetu Kenya tunakijua kisa hiki. Tulikiona magazetini, tukatabasamu, tukasema elimu haina mwisho, kisha tukafungua ukurasa wa michezo. Nimekirudia mwaka huu kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu nyumbani, ambalo nitalieleza mbele, na niliporudi nimeona kwamba hatukukielewa. Tulidhani kisa cha Maruge kinahusu kusoma. Mimi sasa naona kinahusu swali ambalo jamii yetu, pamoja na heshima zake zote kwa wazee, haijazoea kuwauliza: mzee, wewe unataka nini?

Tuanze na mwaka wenyewe. Maruge hakuwa na cheti cha kuzaliwa, lakini aliamini alizaliwa mwaka 1920, mwaka ambao Kenya iligeuzwa rasmi kuwa koloni la Uingereza. Wanaume wa kizazi chake walilazimishwa kubeba kipande, karatasi ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni, chenye alama za vidole, majina ya waajiri na mshahara. Fikiria maana yake kwa mtu asiyejua kusoma: unabeba kifuani maandishi yanayokuhusu wewe, na kila mwenye mamlaka anaweza kuyasoma isipokuwa wewe. Shule zilikuwa chache. Zile za kujitegemea ambazo Wakikuyu walijijengea wenyewe zilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, mwaka wa kutangazwa kwa hali ya hatari. Maruge alikuwa mpiganaji wa Mau Mau. Alikamatwa, akateswa, na alizeeka na alama za mateso hayo mwilini.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 alikuwa mtu mzima mwenye familia. Watu kama yeye waliambiwa wajenge taifa, wapeleke watoto shule. Walipeleka. Waliuza mbuzi wakalipa karo, wakaweka alama ya kidole gumba kwenye fomu za shule ambazo hawakuweza kuzisoma. Kizazi kizima cha walimu, makarani na manesi wa Kenya kilisomeshwa kwa vidole gumba hivyo.

Kisha mwaka 2003 yakatokea mambo mawili. Serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nje wakaingia madarasani. Mwaka huo huo marufuku ya Mau Mau, iliyokuwa imebaki kwenye sheria miaka arobaini baada ya uhuru, iliondolewa. Mazungumzo ya fidia kwa wapiganaji wa zamani yakaanza kusikika vijijini. Kwa mtu wa miaka 83 matangazo hayo mawili yalikuwa na uzito ambao sisi tuliokuwa vijana hatukuupima. Moja lilimwambia kuna pesa huenda zikaja. Jingine lilimwambia shule ni bure.

Sababu zake za kwenda shule alizieleza mwenyewe, na hazikuwa za mapambo. Ya kwanza, alitaka kusoma Biblia kwa macho yake, kwa kuwa alishuku kwamba wahubiri hawakuwa wakiisoma ilivyoandikwa. Ya pili, alitaka kujua kuhesabu, ili fidia ikija azihesabu pesa zake mwenyewe.

Zitazame vizuri sababu hizo. Hakuna hata moja inayosema "nataka kuwa mfano kwa vijana". Hiyo tulimvika sisi baadaye. Yeye alikuwa na shaka, na alitaka kuithibitisha au kuiondoa. Mhubiri anasoma: je, ndivyo kilivyoandikwa? Karani anahesabu: je, ndizo zote? Kwa miaka themanini alikuwa ameishi kwa kuamini macho ya watu wengine. Kuanzia kijaluba cha kipande hadi kitabu cha mimbarini, neno lilikuwa daima la mwenye kusoma. Alikuwa amechoka kuambiwa.

Alikaribia kukataliwa, na ni vizuri tuelewe kwa nini, kwa sababu waliokuwa na mashaka hawakuwa wabaya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilitaja mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima ilikuwa haki ya mtoto. Kwa hiyo Maruge hakuwa na hoja ya kisheria mkononi. Alichokuwa nacho ni tangazo la serikali alilolisikia, na mwalimu mkuu mmoja, Jane Obinchu, ambaye angeweza kusema hapana na hakuna mtu angemlaumu. Mwalimu huyo alimpokea. Katika kisa chote hiki huo ndio uamuzi ninaouona mgumu kuliko mwingine, maana ulifanywa na mtu mwenye cheo cha kupoteza, kwenye shule iliyokwisha kujaa.

Msongamano wa madarasa haukuwa kisingizio. Baada ya karo kufutwa, madarasa ya watoto sabini, themanini, hata mia moja yalikuwa ya kawaida katika shule za umma. Mzazi anayeuliza kwa nini mzee akalie nafasi ya mtoto anauliza swali la haki. Nimelifikiria sana na sitaki kulirukia. Jibu langu ni kwamba mzee mmoja kwenye dawati hakusababisha upungufu wa madawati; upungufu ulikuwepo kabla yake na ulibaki baada yake. Lakini tazama jinsi hesabu inavyopigwa. Mtoto akikaa kwenye dawati tunasema anaandaliwa maisha. Mzee akikaa tunasema anakula nafasi. Tumeshaamua kwamba maisha yake yamekwisha, ila bado anapumua.

Wengine waliuliza: kwani gumbaru haipo? Kwa msomaji asiye wa Kenya, gumbaru ni madarasa ya watu wazima ya kujifunza kusoma na kuandika, yaliyopewa nguvu na serikali mwishoni mwa miaka ya 1970. Yamefanya kazi kubwa, nami nawaheshimu walimu wake, wengi wao wakifundisha chini ya miti na nyuma ya makanisa kwa malipo kidogo. Ila neno lenyewe limegeuka kuwa tusi. Mtoto akishindwa kusoma mstari, wenzake humwambia nenda gumbaru. Mahudhurio nayo yanasema: kina mama huenda, wanaume huona haya. Nchi imejenga mlango wa nyuma kwa ajili ya wazee, halafu inashangaa mmoja wao anapobisha mlango wa mbele.

Hapa ndipo lugha yetu yenyewe inapotushika shati. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tunawaambia wazazi wa watoto wadogo, na kwa malezi ina ukweli wake. Lakini ina upande wa pili usiosemwa kwa sauti: aliyekauka hakunjiki, mwache. Angalia na nyingine tunazozitumia kuwasifu wazee. Penye wazee haliharibiki neno. Jungu kuu halikosi ukoko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkubwa ni jaa. Zote ni nzuri, na katika zote mzee ni mtoaji au mvumilivu. Anatoa busara, anatoa onyo, anatoa ukoko uliobaki chini ya jungu, anapokea taka za kila mtu bila kulalamika. Nimejaribu kukumbuka methali ambayo mzee ndani yake anatamani kitu, anajifunza kitu, anaanza kitu. Sijaipata.

Heshima yetu kwa wazee ni ya kweli, sitaki ieleweke vinginevyo. Tunawasimamia wakiingia, tunawaamkia shikamoo kwa wanaoisema, tunawapa kiti cha kwanza harusini na kipaza sauti cha kwanza mazishini. Ila ni heshima yenye sharti. Tunamheshimu mzee akiwa amekaa. Akiinuka na kusema anataka kuoa tena, au kuuza shamba lake mwenyewe, au kujifunza kuendesha gari, au kwenda shule, uso wa ukoo unabadilika. Kikao kinaitwa. Maneno yanayosemwa kwenye kikao hicho si ya matusi kamwe. Ni ya huruma. Na neno la huruma linalotumika kuliko yote ni fupi mno: "Si tupo?"

Hili neno nimelisema mimi.

Mama yangu ana miaka 73. Hakusoma zaidi ya darasa la pili. Anaandika jina lake, tarakimu humchanganya. Kwa miaka mingi pesa nilizomtumia zilipita kwenye simu yake lakini mtu wa kuzitoa alikuwa mjukuu, mwanangu wa kwanza anayeishi naye. Namba ya siri aliijua mjukuu, mama hakuijua. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, mjukuu ndiye anayesoma. Hakuna aliyeiba chochote, na hilo nalisema kwa kuwa visa vya wazee kuibiwa na wanaowasomea ni vingi na si hiki. Kila kitu kilikwenda sawa. Siku moja mwaka jana, nikiwa nyumbani kwake, akaniomba nimfundishe kusoma ule ujumbe na kubonyeza ile namba yeye mwenyewe. Nikacheka kwa upendo, nikamshika bega, nikasema: "Ya nini usumbuke, mama? Si tupo?"

Akanyamaza. Aliendelea kuchambua maharagwe kwenye ungo. Baadaye jioni ndipo aliposema, bila kunitazama, "Mpo. Lakini mimi nataka kujua."

Usiku huo Maruge alinijia tena kichwani. Sababu yake ya pili, ile ya kuhesabu pesa zake, nilikuwa nimeisikia mara nyingi kama kichekesho: mzee anaingia darasa la kwanza kwa ajili ya fidia ambayo haijaja. Sasa niliisikia kwa sauti ya mama.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2021 kuhusu ubaguzi wa umri, ikasema mtu mmoja kati ya kila wawili duniani ana mitazamo ya kibaguzi kuhusu wazee. Ripoti hiyo ilitaja njia tatu zenye ushahidi wa kupunguza mitazamo hiyo: sera na sheria, elimu, na kukutanisha vizazi. Darasa la Kapkenduiywo lilikuwa na zote tatu ndani ya chumba kimoja, bila mtu kulipanga hivyo. Yupo pia mtafiti wa Marekani, Becca Levy, ambaye mwaka 2002 pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia watu wa mji mmoja wa Ohio: waliokuwa na mtazamo mzuri kuhusu uzee wao wenyewe waliishi kwa wastani miaka saba na nusu zaidi ya wenye mtazamo mbaya. Nayataja kwa sababu moja. Ubaguzi huu haukai vichwani mwa vijana tu. Mzee mwenyewe anaumeza. Ukiambiwa "si tupo" kwa miaka ishirini, unaanza kusema mwenyewe "mimi ni wa leo na kesho, nisumbuke ya nini", na watu wanakusifu kwa unyenyekevu.

Maruge hakuumeza. Mwaka 2005 alichaguliwa kiranja mkuu wa shule. Septemba mwaka huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kuhusu umuhimu wa elimu ya msingi ya bure. Kitabu cha Guinness kilimwandika kuwa mtu mzee kuliko wote aliyewahi kuanza shule ya msingi.

Rekodi hiyo ilimpa umaarufu, na umaarufu ukamlinda. Baada ya New York hakuna ofisa wa elimu angethubutu kumtoa. Hata hivyo naamini ilitufanyia sisi wengine ubaya. Rekodi ni kitu cha mtu mmoja. Ukishamwita mtu wa kwanza duniani, umesema pia kwamba hatarajiwi wa pili. Waandishi walikuja kupiga picha ya soksi na fimbo katikati ya vitoto, picha nzuri kweli, na swali lililofuata halikuulizwa: ni wazee wangapi pembezoni mwa shule hiyo, njiani, sokoni, walitaka hilo hilo na wakaona haya? Mwujiza haudai bajeti. Tulimpenda Maruge kama mwujiza.

Na nchi iliyompenda ilimwangusha. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipofika Eldoret, mali yake iliibwa, akaishia kwenye hema katika kambi ya wakimbizi wa ndani, kilomita kama nne kutoka shuleni. Aliendelea kuhudhuria masomo. Mzee aliyekaribia miaka 88, anayetembea kwa fimbo, anaondoka hemani kwenda kujifunza kusoma katika mji ambao majirani wamechomeana nyumba. Sina la kuongeza hapo. Baadaye mwaka 2008 alihamia Nairobi, akaishi kwenye makazi ya wazee, na Juni akajiandikisha tena shuleni, Shule ya Msingi ya Marura. Mei 2009 alibatizwa akapewa jina Stephen, katika imani ambayo kitabu chake alikuwa ameanza shule ili akisome mwenyewe. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009 kwa saratani ya tumbo, kabla ya kufika kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Fidia ilikuja, lakini yeye hayupo. Kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ilifunguliwa London Juni 2009, wiki chache kabla ya kifo chake, na Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Najiuliza ni wangapi kati ya hao waliweza kuhesabu walichopokea bila kumwita mtu.

Mambo mengine yamesogea. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 57, inaitaka dola ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Tunaponukuu ibara hii huwa tunaruka hadi kwenye matunzo. Neno la kujiendeleza limekaa pale pale, la pili kwenye orodha, likisubiri mtu wa kulitumia. Tangu 2018 wenye miaka 70 na zaidi wameingizwa kwenye mpango wa Inua Jamii wa shilingi 2,000 kwa mwezi, msaada ambao nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini pesa ikifika kwenye mkono ambao hauwezi kusoma salio, mwenye pesa ni msomaji. Na huko Ndalat, Nandi, bibi mkunga Priscilla Sitienei, aliyeitwa Gogo na wote, alikuwa darasani akiwa na zaidi ya miaka 90 pamoja na vitukuu vyake, hadi alipofariki Novemba 2022. Magazeti yaliandika tena umri kwa herufi kubwa. Yeye alikuwa akisema alitaka wasichana walioacha shule baada ya kupata mimba waone kwamba wanaweza kurudi. Zamani alikuwa amewazalisha wanawake wengi wa eneo lile. Alijua alichokuwa akikizungumzia.

Kwa hiyo nikabadilisha namba ya siri ya mama. Yaani yeye aliibadilisha, mimi nikiwa nimegeuka upande wa dirisha kama alivyoniamuru. Ilituchukua siku tatu. Tulitumia daftari la mraba, tukaandika tarakimu kubwa kubwa, na mjukuu ndiye aliyekuwa na subira kuliko mimi. Mama alikosea mara nyingi. Mara mbili alisema tuache. Mara zote mbili nililiona lile neno likinijia ulimini, nikalimeza, nikamwambia tupumzike tunywe chai.

Wiki tatu baada ya kurudi kazini simu yangu ililia. Shilingi hamsini, kutoka kwa mama. Nikampigia haraka kumwuliza kama amekosea kubonyeza, nikiwa tayari kumweleza namna ya kurudishiwa.

"Sijakosea," akasema. "Nilitaka kuona kama itafika."